Risaitali ya tromboni besi na piano: maandalizi hatua kwa hatua

Kila muhula maswali ni yaleyale. Nipige vipande gani? Mpiga piano nampata wapi, na nampa nini mkononi? Nisimame upande gani? Mbona nikiwa peke yangu nasikika vizuri, piano ikiingia tu naonekana nimeshuka? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaweka hapa yote.

Risaitali, kwa anayekutana na neno hili leo, ni onyesho rasmi la shule ya muziki ambalo mwanafunzi mmoja hubeba jioni nzima au nusu yake. Mwongozo huu ni wa mpigaji wa tromboni besi anayeipanda ngazi hiyo kwa mara ya kwanza, piano ikiwa pembeni yake na walimu wakiandika alama safu ya mbele. Wengi wanaoniuliza wametokea kwenye matarumbeta ya kanisani, ya KKKT au ya Jeshi la Wokovu, na wengine bendi za polisi na jeshi. Pumzi wanazo, sauti wanayo. Hawajazoea tu kupiga na chombo ambacho hakisogei hata kidogo kuwafuata.

Ninaloliamini nalisema mapema: wengi wanaoharibu risaitali walikuwa wamezishika nota zao vizuri kabisa. Walichokuwa hawakijui ni nota za piano.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Tromboni besi yenye valvu mbili (vibonyezo vinavyoongeza urefu wa mrija). Ya valvu moja ya F inaweza kukutosha kwa vipande vichache tu, kwa sababu B ya chini, ile iliyo juu kidogo ya nota ya chini kabisa ya slaidi (ule mrija wa kuvuta kwa mkono) iliyofungwa, haipatikani: slaidi inaisha kabla hujaifikia. Ukibonyeza valvu mbili kwa pamoja, nota hiyo inarudi mahali mkono unapofika bila kunyoosha bega.
- Krimu ya slaidi, chupa ndogo ya kupulizia maji, mafuta ya rota (kile kiungo cha valvu kinachozunguka), na kitambaa cha kutandika sakafuni cha kupokea maji.
- Nota halali: pati yako (nota zilizoandikwa kwa chombo chako) na pati ya piano, za toleo moja.
- Mpiga piano aliyekubali tarehe, si aliyesema "tutaangalia".
- Kifaa cha kutyuni, metronomu, simu ya kurekodia, penseli. Kalamu ya wino usiisogeze karibu na nota.
- Stendi mbili za nota zilizo imara. Zile za kukunja huanguka slaidi ikizigusa.
- Wiki 10 hadi 12. Chini ya hapo inawezekana, lakini atakayeumia ni mpiga piano.

Hatua ya 1: Pata masharti kwa maandishi

Uliza ofisi: ni dakika ngapi, na je, hizo ni dakika za muziki au za ukumbi? Tofauti ni kubwa. Nusu risaitali mara nyingi huwa dakika 30, nzima saa 1, lakini humo ndani kuna kuingia, kutyuni, makofi, kumwaga maji ya slaidi na kuvuta pumzi. Kwenye dakika 30, muziki wa dakika 24 au 25 unatosha. Uliza pia kama lazima kuwe na kipande cha kukariri, kama vipindi tofauti vya historia vinatakiwa, na kama ukumbi una piano ya kulala au ya kusimama.

Hatua ya 2: Chagua programu kwa kuangalia watu wawili

Tromboni besi haina maktaba ndefu. Vipande vingi vilivyoandikwa mahususi kwa ajili yake vimetoka baada ya katikati ya karne ya 20, kwa hiyo muziki wa zamani tunauazima kwa selo, basuni na waimbaji wa besi. Hakuna aibu katika kuazima, na mara nyingine vipande vya kuazima ndivyo vinavyoimba zaidi.

Vya kuazima ambavyo vinakaa vizuri:

- Sonata 6 za Galliard za mwaka 1733, zilizoandikwa kwa basuni au selo. Hapa kuwa mwangalifu: katika asili, chini ya melodi kuna mstari wa besi tu wenye tarakimu, na kila mhariri ameujazia akodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) kwa namna yake. Wewe ukiwa na toleo moja na mpiga piano lingine, mtashangaana.
- Studies sita za Vaughan Williams juu ya nyimbo za kienyeji za Uingereza, za 1926, kwa selo na piano. Ni fupi, za taratibu karibu zote, na hazina pa kujificha.
- Vier ernste Gesänge ("Nyimbo nne nzito") za Brahms, opasi (namba ya kazi) 121, za 1896, kwa sauti ya besi na piano. Nawapendekezea sana waliokulia kwaya. Maneno ni ya Biblia: mbili za kwanza ni Mhubiri 3 na 4, ya tatu Yoshua bin Sira 41 (kitabu kilichomo kwenye Biblia ya Kikatoliki), ya nne 1 Wakorintho 13. Fungua Biblia yako ya Kiswahili, soma aya hizo kwa sauti, ndipo uchukue chombo. Utajua pa kuvuta pumzi bila kuuliza mtu. Hakikisha tu unanunua toleo la sauti ya chini, maana yapo yaliyopandishwa ufunguo.
- Suiti za Bach za selo, BWV (namba kwenye orodha ya kazi zake) 1007 hadi 1012, ukitaka kipande kisicho na piano.

Vilivyoandikwa kwa ajili yetu, au kwa tuba na sisi pamoja: konseto ya kwanza ya Lebedev, ambayo ni ya sehemu moja na haizidi sana dakika 7 au 8, konseto ya Ewazen, ndefu na ya kuimba, Fantaisie concertante ya Castérède, ambayo inataka wepesi wa ulimi, na Sonata Breve ya Hartley, isiyo na piano kabisa.

Kwa anayeanza, Galliard moja, zile Studies sita, kisha Lebedev: zote pamoja hukaa kwenye dakika 25 hivi, kutegemea mwendo wenu. Una muziki wa kale, wa kuimba, na wa kuonyesha nguvu. Sioni sababu ya kuhangaika zaidi ya hapo mara ya kwanza.

*Angalia:* pati ya piano ya konseto huwa ni okestra nzima iliyobanwa kwenye vidole 10. Kabla hujachagua, mwonyeshe mpiga piano ukurasa mgumu kuliko yote, si wa kwanza. Konseto mbili kwenye programu moja ni kumkomoa mwenzako.

*Angalia tena:* mpangilio. Nota za chini na za nguvu zinamaliza pumzi, nota za juu zinamaliza midomo. Usiziweke zote mwishoni ukidhani utafika nazo salama. Na kipande kisicho na piano kinampumzisha mpiga piano, wewe hakikupumzishi.

Hatua ya 3: Mpe mpiga piano nota zinazosomeka

Wiki 8 kabla ndiyo mwisho. Mpe nakala safi, zilizochapwa upande mmoja au zilizobandikwa zikafunguka kama kitabu, namba za vipimo zimeandikwa, na kurasa hazijakatwa chini. Picha ya WhatsApp iliyopigwa kwa pembe si nota. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kipande andika kwa penseli mwendo unaoutaka kwa namba ya metronomu.

Na ongeeni fedha siku hiyohiyo: ni mazoezi mangapi, ni kiasi gani, kinalipwa lini. Wanafunzi wengi huona haya kuuliza, halafu wiki ya mwisho kunakuwa na kununa kusikoelezeka. Kama shule ndiyo inayomlipa, jua anakupa saa ngapi.

Mpiga piano wa kanisani anayefuata solfa kwa sikio anaweza kuwa mwanamuziki mkubwa kuliko wewe na mimi, ila kwa Lebedev unahitaji anayesoma mistari miwili kwa haraka. Mweleze kwa heshima kazi ilivyo, usimpe mzigo wa kushtukiza.

Hatua ya 4: Jifunze pati ya piano

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo ninayoomba uipe muda kuliko zote.

Sikiliza rekodi ya kipande huku macho yako yakiwa kwenye pati ya piano. Tromboni usiiangalie. Rudia mpaka uweze kuimba mkono wa kushoto wa piano kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kwa sauti mbaya. Kama shule ina chumba chenye piano, kaa upige mstari huo kwa mkono mmoja, polepole. Hakuna anayekutaka uwe mpiga piano.

Kisha rudi kwenye pati yako na uweke alama tatu kwa penseli:

a) Kila penye pumziko la vipimo 4 au zaidi, andika kwa nota ndogo kile piano inachopiga kwenye kipimo cha mwisho kabla hujaingia. Kuhesabu kunakuangusha moyo unapoenda mbio, sikio haliangushi.

b) Kila penye nota yako ndefu, angalia piano inafanya nini. Ikiwa yeye ana nota ndogondogo zinazokimbia, basi mwendo ni wake, na wewe ni wa kumkalia juu. Andika "P". Wewe ukiwa na zinazokimbia, andika "T". Mtakapobishana nani anavuta na nani anakokota, alama hizo zitawaamua.

c) Pale mkono wa kushoto wa piano unaposhuka kwenye oktava yako, zungushia duara. Tromboni besi na piano zikikutana huko chini, akodi ya nota tatu zilizobanana inageuka uji. Mwombe mwenzako apige mkono huo kwa wepesi na ainue pedali nusu. Asiziache nota, azipunguzie uzito tu. Wewe nawe punguza upana wa sauti na uongeze uwazi wa mwanzo wa nota.

Kuna jambo moja la karibu sana ambalo hutalisikia mpaka ukae kwenye viti. Nota za chini za tromboni besi huchelewa kutoka. Ulimi umeshaachia, hewa imeshaenda, lakini sauti yenyewe inachukua kitambo kidogo kujaa, ilhali nyundo ya piano inagonga papo hapo. Chukueni kipimo kimoja chenye B-flati ya chini kabisa na akodi ya piano kwa pamoja, mkipige taratibu, mmoja akirekodi kutoka safu ya tano. Mtasikia piano ikitangulia. Dawa ni wewe kuanza hewa mapema kidogo sana na mwenzako kuisubiri sauti badala ya kuusubiri ulimi. Lizoeeni hilo peke yake mpaka liwe la kawaida.

Hatua ya 5: Andika pumzi kwenye pati zote mbili

Chombo hiki kinakula hewa. Sentensi ambayo mwenye selo anaivuta kwa upinde mmoja, wewe utaihitaji pumzi mbili, na lazima mpiga piano ajue ya pili iko wapi ili asikukimbie. Weka alama ya pumzi kwenye nota zake, si zako tu. Pumzi ya kuanzia kipande ivute kwa mwendo wa kipande chenyewe: hiyo ndiyo ishara yako kwake. Ukivuta polepole halafu ukaanza haraka, umemdanganya.

Hatua ya 6: Kutyuni na chombo kisichosogea

Kwenye matarumbeta tumezoea kuvutana. Mwenzako akipanda, nawe unapanda, mwisho akodi inakaa. Nota ya tatu ya akodi kubwa tunaishusha bila hata kufikiri, maana ikishuka kama senti 14 akodi inatulia, na nusu tuni nzima ni senti 100. Piano haijui habari hiyo. Imetyuniwa kwa hatua zilizo sawa, na ukishusha D yako ndani ya akodi ya B-flati huku piano inaipiga D hiyohiyo, wewe ndiye utakayesikika umekosea. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Uliza piano imetyuniwa ngapi. Nyingi ni A=440; barani Ulaya utakutana sana na 442. Jizoeshe nyumbani kwa namba hiyohiyo.
2. Pasha chombo moto kwa hewa kabla ya kugusa slaidi ya kutyuni. Nyuzi joto 1 ikipanda, sauti ya chombo cha kupuliza hupanda karibu senti 3. Chombo kilichotoka kwenye chumba cha kiyoyozi kitashuka, na kitapanda chenyewe baada ya dakika chache.
3. Mwombe mwenzako apige akodi nzima ya B-flati, si nota moja. Piga B-flati, halafu F, halafu D, na uisikilize D kuliko zote.
4. Piga F ya mstari wa nne bila triga (kile kibonyezo cha valvu), halafu F hiyohiyo ukiwa umebonyeza valvu ya F, slaidi ikiwa imefungwa. Zikitofautiana, rekebisha slaidi ndogo ya valvu. Ya valvu ya pili uilinganishe na nota yake kwenye nafasi ya 5 ya slaidi (nafasi ni 7, ya 1 ikiwa imefungwa).
5. Pigeni skeli taratibu kwa pamoja, oktava moja, piano ikiwa laini. Mkono wako utajifunza nafasi za piano ile.

*Kwa mlioko pwani:* masika yakianza, ubao wa sauti wa piano unavimba kwa unyevu na nota za katikati hupanda kuliko za pembeni. Piano iliyokuwa sawa mwezi wa pili haitakuwa sawa mwezi wa nne. Fundi aje siku 1 au 2 kabla ya onyesho, na kama ukumbi una kiyoyozi, kiwe katika hali ileile atakapotyuni na mtakapopiga.

Hatua ya 7: Mazoezi ya pamoja

Mazoezi ya kwanza yawe ya kusoma tu, polepole, bila kusimama kwa kila kosa. Ya pili na ya tatu chukueni sehemu za maungio: mwanzo, mabadiliko ya mwendo, mwisho. Watu hupoteza saa nzima wakipiga kurasa rahisi kwa sababu zinafurahisha. Kuanzia ya nne, pigeni kipande kizima na mrekodi.

Kubalianeni sehemu za kukutania: namba za vipimo 3 au 4 katika kila kipande ambapo, lolote likitokea, wote mtarukia hapo. Ziandikeni kwa alama kubwa.

Usimwambie mpiga piano "nifuate". Mwambie unakusudia nini: "hapa nataka kusogea mbele hadi kipimo cha 42, halafu nipumzike." Mwenye akili atajua la kufanya na atakuletea wazo zuri kuliko lako.

Hatua ya 8: Jukwaa

Simama kwenye ule mkunjo wa piano ya kulala, umegeuka kidogo kuelekea watu, mpiga piano akiuona mkono wako wa slaidi na kifua chako kikipanda. Mbele yako acha nafasi: slaidi ikinyooshwa mpaka nafasi ya 7 inavuka mita 1 kutoka mdomoni. Shusha stendi chini na uilaze, uisogeze pembeni kidogo, ili beli (ule mdomo mpana wa mbele) ipite bila kuipulizia. Sauti ikigonga stendi, nusu yake haifiki popote na wewe unadanganyika kuwa una sauti kubwa.

Kifuniko cha piano ndicho kinachobishaniwa zaidi. Ushauri wangu: anzeni kikiwa wazi kabisa. Kukifunga hakuipunguzii piano sauti kiasi wanachodhani watu. Kunaiondolea uwazi, na chini mnabaki na mvumo tu. Kama bado inakufunika, tumieni kijiti kifupi. Mjaribu akiwa mtu anayekaa kwenye viti, si ninyi wawili.

Kama ni piano ya kusimama, na shule zetu nyingi ndizo hizo, isogezeni mbali kidogo na ukuta na muigeuze ili mpiga piano asikupe mgongo. Asipokuona, mazoezi yote ya pumzi yamekwenda bure.

Hatua ya 9: Mazoezi ya mwisho

Siku 2 au 3 kabla, ukumbi uleule, programu nzima, nguo zilezile. Nguo ni jambo la kweli: koti likikubana bega hufiki nafasi ya 7, na mkono mpana wa shati au kanzu hunasa kwenye mitambo ya triga. Mgeuza kurasa awepo. Vazi, kuingia, kuinama, kutoka, vyote vipitieni. Siku ya mwisho kabisa kabla ya onyesho piga kidogo tu.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Kula saa 2 au 3 kabla, chakula ulichokizoea. Pasha midomo kwa dakika 15 au 20, nota za katikati na za chini, kwa sauti ndogo. Kosa la wengi ni kupiga programu nzima chumbani kwa wasiwasi, halafu wanatoka jukwaani midomo imeshakwisha.

Wewe unaingia kwanza, mpiga piano anafuata, mgeuza kurasa mwisho. Inameni pamoja. Mwaga maji, tyuni kwa sauti ndogo, mwangalie mwenzako machoni, vuta pumzi. Kati ya sehemu za kipande kimoja usishushe chombo kabisa. Watu wakiona kimeshuka watapiga makofi. Mwisho wa kila kipande mnyooshee mpiga piano mkono naye apokee makofi.

Mambo yakienda kombo

*Slaidi inakwaruza.* Maji ya kupulizia, sekunde 5, basi. Mafuta ya kupikia na Vaseline visikaribie hapo.

*Rota imegoma.* Mara nyingi ni mate yaliyokauka. Tone la mafuta, halafu isogeze kwa kidole taratibu. Koleo hapana.

*Kamba ya triga imekatika.* Ndiyo maana mfukoni mwa sanduku uweke kipande cha mshipi wa kuvulia ulio imara, uliosukwa. Jifunze kuifunga nyumbani, si nyuma ya pazia.

*Unasikika umepanda kuanzia kipande cha pili.* Chombo kimepata moto. Vuta slaidi ya kutyuni kidogo kati ya vipande, bila haraka.

*Mdomo umekauka.* Ng'ata ulimi polepole pembeni, mate yatakuja. Glasi ya maji iwe chini ya kiti, kamwe isiwe juu ya piano.

*Nota za chini hazitoki.* Umebana koo kwa hofu. Shusha mabega, fungua meno, puliza hewa ya joto na polepole. Kupuliza kwa nguvu zaidi kunaharibu.

*Umepotea.* Nyamaza. Usibahatishe. Sikiliza mkono wa kushoto wa piano, ule uliouimba wiki zote zile, na uingie kwenye sehemu ya kukutania. Watu wengi hawatajua.

*Piano imepotea.* Endelea wewe kwa mwendo uleule, kwa uwazi zaidi. Usimgeukie ukamkodolea macho.

*Umeme umekatika.* Taa ndogo za kubana kwenye stendi ziwepo tangu mwanzo, zenye betri. Kama mnasomea kwenye tableti, chaji iwe imejaa na nakala za karatasi ziwe chini ya kiti cha piano.

*Mpiga piano ameugua siku ileile.* Piga simu kwa mwalimu wako kabla ya mtu mwingine yeyote. Shule nyingi zitahamisha tarehe. Asiletwe mtu wa kusoma Lebedev kwa mara ya kwanza mbele ya watu, na muziki wa kurekodiwa usiutumie bila ruhusa.

Ikiisha, mwaga maji, pitisha kitambaa ndani ya slaidi kabla ya picha na salamu, na mlipe mpiga piano usiku huohuo. Rekodi usiipakie mtandaoni mpaka yeye akubali na uwe umehakikisha vipande ambavyo bado vina haki za mtunzi vinaruhusiwa. Galliard na Brahms havina tatizo hilo upande wa watunzi, ila toleo la mhariri wa karibuni linaweza kuwa nalo.